Miaka Miwili Mmanga Hakupigana

Nyinyi mliozaliwa juzi hamkumwona Mmanga enzi zake. Fundi wa kujenga kwa mawe, hapa hapa Makunduchi. Ikifika siku ya Mwaka Kogwa, mwaka wetu mpya, akiingia uwanjani na pande la mgomba begani, wanawake wameshaanza kumwimba kabla hajampiga mtu. Mpinzani wake ni Mcha, waliyekua naye pamoja na kutiwa jandoni siku moja. Wakipigana mpaka wanacheka, halafu wanakwenda kula sahani moja. Ah, zilikuwa siku!

Na maana yake ndiyo hiyo: ulilonalo moyoni juu ya mwenzio unalitoa kwa mgomba, mwaka unaanza safi. Asiyekuja kukupiga, bado ana lake.

Sasa, mwaka mmoja wakagombana kwa mpaka wa shamba. Maneno yakawa makali. Ikafika siku ya Mwaka, Mmanga hakutokea. Mcha akasimama na mgomba wake mpaka uwanja ukabaki mtupu. Mwaka wa pili, vile vile. Mcha akaacha hata kumpa salamu.

Kumbe Mmanga alikuwa akivunjika. Mkono ulivunjika akifungua dirisha lililokwama. Akaficha, mwanamume mzima, avunjwe na dirisha? Mkewe, Bi Mwanakhamis, ndiye aliyemkokota hospitali mjini. Damu ikapimwa, kalsiamu imezidi. Daktari akaeleza: shingoni mna vitezi vinne, vidogo kama punje za mchele, kimoja kimevimba, kinaitoa kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Akapasuliwa, kikatolewa. Siku za mwanzo midomo ikamfa ganzi, akawa anameza vidonge vya kalsiamu. Mifupa itajirudi, akaambiwa, lakini polepole, mwaka na zaidi.

Mwaka wa tatu akapimwa tena. Mifupa imeongezeka nguvu.

"Nnaweza kupigwa na mgomba?"

"Bado, mzee."

"Na kupiga?"

Daktari akamtazama. "Unataka kumpiga nani?"

"Rafiki yangu."

Siku ya Mwaka ikafika, Mmanga akaenda na mgomba wake moja kwa moja mpaka mbele ya Mcha, akafungua kola, kovu likaonekana.

"Mimi sina langu moyoni, Mcha. Nilikuwa na hili. Mifupa ilikuwa biskuti."

"Ukanyamaza? Miaka miwili nnakula hasira bure?"

"Niliona haya."

"Haya! Wewe uliyekimbia uchi siku ya jando, leo unaona haya?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mcha akatupa mgomba wake, akapanua mikono. "Haya, nipige. Ya miaka yote miwili."

Mmanga akampiga mara tatu.

"Unampangusa vumbi?" akapiga kelele mmoja wa wanawake.

Kisha Mcha akauokota wake, akaunyanyua juu.

"Mcha!" Bi Mwanakhamis akaita. "Wallahi ukimgusa!"

Mgomba ukashuka, ukapiga mchanga kando ya mguu wa Mmanga.

"Hili la mpaka."

Akaunyanyua tena, ukapiga mchanga upande wa pili.

"Na hili la kutoniambia."

La tatu hakulipiga. Alikaa chini pale pale, machozi yanamtoka, akamshika Mmanga mkono kwa vidole viwili, taratibu sana, akamketisha pembeni yake.