Nasike Khisa na fumbo la punje mbili zinazovutana

Saa mbili asubuhi, kituo cha mafunzo ya kilimo, Mabanga. Dkt. Nasike Khisa amesimama mbele ya ubao na kifutio mkononi, lakini hafuti. Anasubiri.

Ubao umejaa maandishi ya jana: dalili za ng'ombe anayehitaji kupandishwa, namna ya kuhifadhi sileji, yaani malisho yaliyovundikwa, na mchoro mkubwa wa kiwele. Darasa la wafugaji limehamishiwa chumba cha pili ili kuwapisha wageni, ila mfugaji mmoja, Nasimiyu, amebaki kwenye kiti cha mbele akinakili.

"Ngoja kidogo, mwalimu," anasema bila kuinua kichwa. "Hii ya kiwele nilikuwa nimeruka."

"Andika polepole, mama. Hesabu yangu imekaa miaka, haiwezi kuharibika sasa hivi."

Nasimiyu anamaliza, anashukuru na kutoka. Nasike anafuta kiwele, anavuta pumzi na kuanza kuandika mlinganyo unaotoka ukingo mmoja wa ubao hadi mwingine. Ni wa mvutano, ile nguvu inayoangusha embe chini na kuufanya mwezi uizunguke dunia.

Ukumbi unajaa taratibu. Hawa ni wanafizikia kutoka Nairobi, Eldoret, Kakamega na ng'ambo ya mpaka, Uganda. Kila mmoja ana kikombe cha chai ya maziwa. Aliyeketi mbele kabisa, mrefu, mwenye sweta la kijani, ni Dkt. Kiragu Ngige, mhadhiri jijini Nairobi.

Mwaka jana mtu huyu nusura amfanye Nasike aiache fizikia. Leo wamekutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, wakiwa na majibu mawili tofauti ya swali moja. Kila mtu ukumbini anataka kujua nani amekosea.

Nasike, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, alizaliwa Moi's Bridge, karibu na mto Nzoia. Mama yake, Nakhungu, ni mkulima wa mahindi hadi leo. Nasike anafundisha katika chuo kimoja mjini Bungoma, na nyumbani kwake ni Kitale, ambako mumewe, Noah Kimaiyo, ana duka la pembejeo. Binti yao, Lorna, yuko shule ya upili.

Ukimtembelea Kitale na kumuuliza kazi yake ni nini hasa, hakupi maneno mengi. Anabandua sumaku kwenye mlango wa friji, anaweka msumari mezani, kisha anaisogeza sumaku juu yake. Msumari unaruka na kunasa.

"Dunia nzima, na Mlima Elgon ukiwa juu yake, inauvuta huu msumari chini," anasema. "Haka kasumaku kanauvuta juu. Nani ameshinda?"

Anacheka kama mtu anayeliona jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Mvutano ni dhaifu hivyo. Tunauona mkubwa kwa sababu dunia ni kubwa. Ukienda kwa chembe moja moja, hauonekani kabisa. Mimi ndiko ninakoutafuta."

Kwa takriban miaka mia moja, wanafizikia wamekuwa na nadharia mbili kuu. Moja inaeleza mvutano: sayari, nyota, na jinsi mwanga unavyopinda ukipita karibu na jua. Nyingine, ya kwantumu, inaeleza chembe ndogo ambazo vitu vyote vimeumbwa nazo. Kila moja inafanya kazi vizuri upande wake. Zikikutanishwa, hesabu inavunjika.

"Kwa kwantumu, chembe inaweza kuwa katika hali ambayo huwezi kusema iko hapa au iko pale," anaeleza Nasike. "Sawa. Lakini kila kitu chenye uzito kinavuta. Sasa hiyo chembe inavuta kutoka hapa, au kutoka pale? Swali hilo lilinishika nikiwa mwanafunzi. Halijaniachia."

Njia mojawapo iliyopendekezwa ya kulijibu ni kuchukua punje mbili za kioo, ndogo kuliko vumbi la unga, na kuzining'iniza kwa mwanga mahali pasipo na hewa. Ziachwe zivutane kwa mvutano peke yake. Zikifungamana kwa namna ya kwantumu, ambapo hali ya moja haiwezi kuelezwa bila ya nyingine, itamaanisha mvutano wenyewe unafuata sheria za kwantumu.

Jaribio hilo bado hakuna aliyefaulu kulifanya. Joto kidogo au mtikisiko mdogo unatosha kuvunja mfungamano. Nasike alijipa kazi ya kukokotoa mfungamano huo unaweza kuvumilia mtikisiko kwa muda gani kabla ya kukatika.

Ilimchukua miaka. Alikokotoa katikati ya kusahihisha mitihani, na stima ikipotea aliendelea dirishani. Wenzake chuoni walimuuliza utafiti huo utamsaidia nani. Jirani mmoja mjini Kitale alitaka kujua kama, kwa kuwa ni daktari, angeweza kumtazama mguu.

Kisha, asubuhi moja mwezi Machi mwaka jana, akiwa dukani kwa mumewe, alifungua simu na kukuta makala mpya ya kisayansi. Swali ni lake. Punje ni zake. Mwandishi: Kiragu Ngige.

"Niliketi juu ya gunia la mbolea," anakumbuka.

Kimaiyo alikuwa akimhudumia mteja. Alipogeuka na kumwona mkewe, aliacha mizani.

"Mama Lorna, kuna nini? Nani amekufa?"

"Kuna mtu ameandika yangu yote."

"Amekuibia?"

"Hapana. Amefikiria mwenyewe. Si ndiyo inauma zaidi?"

"Angekuwa mwizi, ningejua pa kuanzia," anasema Kimaiyo. "Lakini huyu hakuwa amekosa. Nilifunga duka tu, tukaenda nyumbani."

Sayansi haina nafasi ya pili kwa anayefika na jibu lile lile siku chache baadaye. Nasike hakuisoma makala yote. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaifunga, akafungia na karatasi zake kabatini. Likizo ilipofika alikwenda Moi's Bridge kwa mama yake, akavaa gambuti na kuingia shambani kupalilia.

Nakhungu alimtazama kwa siku kadhaa. Hatimaye alimfuata shambani.

"Nasike, umefukuzwa kazi?"

"Hapana, Mayi."

"Umeachana na Kimaiyo?"

"Hapana."

"Basi toka kwa mahindi yangu. Unapalilia kama mtu mwenye hasira. Umeng'oa na mimea."

Nasike anaposimulia hilo anafuta machozi ya kicheko. Anasema jioni hiyo alimweleza mama yake kila kitu, naye mama akasikitika pamoja naye, bila ushauri, akimkaangia kuku. "Nililia, nikala, nikalala. Kesho yake nilikuwa na nguvu ya kuisoma ile makala mpaka mwisho."

Alipofika ukurasa wa mwisho aliruka kutoka kitini. Jibu la Kiragu halikuwa jibu lake. Kulingana na hesabu ya Nasike, mfungamano wa punje ungedumu karibu mara mbili ya muda aliousema Kiragu.

"Kwanza nilifurahi kwamba amekosea," anakiri, akijifunika uso kwa kiganja. "Halafu nikaogopa. Labda ni mimi."

Alirudia hesabu yake yote. Hakuona kosa. Akarudia ya Kiragu, mstari kwa mstari. Hakuona kosa. Basi akamwandikia.

Kiragu alipiga simu wiki iliyofuata. Hakuanza na salamu.

"Daktari, wewe ni nani na umekuwa wapi?" alisema. "Nimeipindua kazi yako juu chini. Siwezi kupata ulipokosea."

"Hata mimi yako siwezi."

"Sasa itakuwaje? Hatuwezi kuwa sawa wote wawili."

"Nilidhani nimepitwa na mtu aliye ng'ambo mwenye maabara ya dhahabu," anasema Nasike. "Kumbe ni mtu wa Nyeri, anafundisha madarasa manne kama mimi, na stima inampotea kama mimi!"

Walizungumza kwa simu kwa miezi. Kimaiyo anasema mwanzoni alidhani wanagombana. "Walikuwa wanapigiana kelele, halafu wanacheka, halafu wanapigiana kelele tena. Nikamwambia, huyu mtu mwite hapa tumwone."

Ndivyo mkutano wa Mabanga ulivyozaliwa. Chuo cha Nasike kilikuwa katika mitihani na kumbi zote zilikuwa na watahiniwa. Kituo cha kilimo kilikuwa na ukumbi, vitanda na jiko zuri, mradi wanafizikia wakubali kukaa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walikubali.

Sasa ni saa nne, na Kiragu ndiye aliye ubaoni. Ameandika hesabu yake chini ya ile ya Nasike, rangi tofauti. Anaipitia kwa sauti, polepole, na kila baada ya mstari anageuka kumtazama Nasike, naye anatikisa kichwa kukubali.

"Hapa naingiza mtikisiko," anasema Kiragu. "Kila punje inatikisika ndani ya chombo chake, kwa hiyo najumlisha wa kwanza na wa pili..."

"Simama hapo," anasema Nasike.

"Nini?"

"Umesema chombo chake. Kwani vyombo ni viwili?"

Kiragu anamwangalia. "Viwili, ndiyo. Punje mbili, vyombo viwili. Wewe una vingapi?"

"Kimoja! Mimi nimeziweka zote katika chombo kimoja!"

Kiragu anaugeukia ubao, anaweka kidole juu ya alama moja ndogo katika mlinganyo wake, kisha juu ya alama ile ile katika mlinganyo wa Nasike. Kwenye karatasi ni herufi moja. Kila mmoja aliisoma alivyozoea, na kwa miezi yote ile ya simu hakuna aliyefikiri kwamba ni jambo la kutajwa.

"Mungu wangu," anasema Kiragu. "Uko sawa."

"Na wewe uko sawa!"

Kiragu anatupa kalamu juu. Nasike anapiga kelele iliyosikika, wapishi walisema baadaye, hadi jikoni. Watu wanasimama, viti vinaanguka, maprofesa wenye mvi wanakumbatiana. Mlango unafunguliwa na Nasimiyu anachungulia, nyuma yake darasa zima la wafugaji.

"Ni nini? Mmeshinda?"

"Tumeshinda, mama!"

"Nani kati yenu?"

"Wote!"

Nasimiyu hangojei maelezo. Anapiga kigelegele, wanawake wengine wanakipokea, na kwa muda fizikia Mabanga inasimama ili kutoa nafasi kwa wimbo.

Maelezo yanakuja wakati wa chakula cha ugali na kuku. Wafugaji wamejichanganya na wanafizikia meza zote, na Nasimiyu ameketi mbele ya Nasike.

"Sasa niambie, mwalimu. Ati hiyo punje ni kubwa kama ya mahindi?"

"Huwezi kuiona, mama. Hata vumbi la unga ni kubwa kuliko hiyo."

"Na mlikuwa mnabishana juu yake mwaka mzima? Bana!"

Meza nzima inacheka, Nasike zaidi ya wote.

"Sikia," anasema. "Umewahi kupanda trela ya trekta wakati wa mavuno?"

"Kila mwaka!"

"Sasa wewe na jirani mmeshikana mikono. Mkiwa trela mbili tofauti, barabara mbovu, hii inaruka juu, ile inaruka kando. Mikono itaachana haraka. Lakini mkiwa trela moja?"

Nasimiyu anafikiri, kijiko kikiwa hewani. "Tunarushwa, lakini tunarushwa pamoja."

"Ndiyo hiyo. Kiragu aliziweka punje trela mbili. Mimi niliziweka trela moja. Kwa hiyo zangu zinashikana kwa muda mrefu zaidi."

"Basi waambie watu wawe wanaweka trela moja!"

"Tutawaambia."

Na wamewaambia. Makala ambayo Nasike na Kiragu waliiandika pamoja baada ya mkutano inaonyesha kwamba anayetaka kulifanya jaribio hilo ana nafasi bora akiziweka punje zote mbili katika chombo kimoja, ambamo sehemu kubwa ya mtikisiko inazigusa kwa namna moja. Si jibu la swali kuu. Bado hakuna anayejua kama mvutano unafuata sheria za kwantumu. Lakini mlango umefunguka kidogo zaidi.

Chuoni Bungoma, Nasike sasa ana mwanafunzi wake wa kwanza wa uzamivu, Jerono, ambaye anauliza itakuwaje punje zikiwa tatu. Nasike hajui, na anafurahia kutojua. Mkutano wa pili umeshapangwa, Mabanga hapo hapo, kwa ombi la wanafizikia na la wafugaji pia.

Ila kinachomkosesha usingizi kwa raha ni safari. Maabara moja barani Ulaya inayoning'iniza punje kwa mwanga imemwalika mwezi Novemba. Katika maisha yake yote ya kukokotoa, Nasike hajawahi kuiona punje hata moja.

"Mimi ni mtu wa kalamu," anasema, ameegemea kaunta ya duka la mumewe, wateja wakipita na mbegu na dawa za kupe. "Wameniambia wakiimulika, kupitia kamera inaonekana kama nukta ya mwanga. Imetulia tu hewani, haijashikwa na kitu. Nukta moja."

Anaiweka hewani kwa ncha ya kidole, mbele ya macho yake, na kuitazama.

"Nataka niione. Sitaki kupima kitu wala kugusa kitu chao. Nisimame hapo tu, niitazame mpaka wachoke na mimi. Halafu nitapiga kelele moja, wajue mtu wa Moi's Bridge amefika."