Kidole Nilichomwazima Fundi Simu

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Sikuota, sikuwa na homa, na jambo hili sikuhadithiwa na mtu. Kidole chenyewe ninacho hapa. Ukibisha, njoo dukani kwangu Rahaleo na sindano yako ukichome.

Mimi ni fundi cherehani. Majirani wananijua kwa mambo mawili: ulimi mkali, na kwamba jua likizama siazimi sindano. Mama ndiye aliyenilea hivyo kule Msimbati. Sindano, chumvi na moto havitoki nyumbani magharibi, kwa sababu hujui anayekuja kuomba ni nani. Watu hunitania kwamba mimi mchoyo, nami nawaacha wanitanie.

Mama alifariki mwaka jana. Hakujua kuandika, kwa hiyo alikuwa akinitumia sauti kwenye simu, mara nguruwe wameingia kwenye mihogo, mara nisisahau kula. Sauti zile ndizo nilizobaki nazo, na zilikuwa ndani ya simu ile tu. Nani hukumbuka kuhifadhi pengine mpaka mtu awe ameshakwenda?

Basi kioo kikaanza wazimu. Chini hakisikii, juu kinajibonyeza chenyewe, na katika kujibonyeza kikawa kinaingiza namba za siri za uongo. Nikakimbilia duka nililonunulia. Waranti imekwisha, tena imekwisha juzijuzi tu! Muuzaji akaniambia simu ikikosea namba mara chache zaidi itajifuta yote. Mafundi wa mtaani nao wimbo wao ulikuwa mmoja: "Dada, tuiflashi tu." Kuflashi maana yake ni kumfuta mama. Niliwajibu maneno ambayo siyarudii hapa.

Narudi nyumbani jua linazama, nikaona kibanda cha simu cha kona kiko wazi. Kilikuwa kimefungwa muda mrefu, nikafurahi kwamba kimepata mtu. Ndani amekaa kaka mmoja amevaa sweta zito, na joto la Mtwara mnalijua.

"Usiiflashi," nikamwambia kabla hata ya salamu.

"Hakifutwi kitu, dada."

Alikuwa na mikono mizuri ya kazi, kwa hilo simsingizii. Alifungua, akapasha gundi, akatoa kioo kibovu, akaweka kingine. Simu ikawaka, ikatulia. Akaijaribu kwa kidole chake, haikuitika. Akabonyeza tena, wapi. Nikaifuta kwa khanga yangu nikidhani ni jasho lake, ila niaminini, yule hakuwa na hata tone la jasho. Akabonyeza mara nyingine, kioo kama hakijaguswa na mtu. Nikagusa mimi, kikaitika palepale.

Akakitazama kidole chake, kisha changu. Adhana ya magharibi ikaanza.

"Dada, niazime kidole. Changu hakisomi."

Angesema sindano ningeshtuka. Lakini kidole? Nani amewahi kukatazwa kuazima kidole? "Chukua," nikamwambia, "ilimradi mama asifutike."

Akanishika kidole cha shahada. Baridi, jamani, kama samaki aliyetoka kwenye barafu! Akakipeleka kwenye kioo, akaingiza namba yangu ya siri. Namba hiyo sikuwa nimemwambia. Nikavuta mkono, mkono haukuja. Akafungua sauti ya mwisho ya mama, mama akasema nisisahau kula, nami nikalia palepale kwa hofu na kwa furaha, sijui kipi kilizidi. Kumbe hakuwa amemaliza. Akakipeleka kidole changu kwenye namba, akapiga simu nisikokujua. Mwanamke mtu mzima akapokea.

"Mama," fundi akasema, "ni mimi. Umekula?"

Kutoka upande wa pili ukaja ukelele ambao nimeshausikia misibani, na huo siwezi kuukosea.

Akaniachia. "Ahsante, dada. Nitakurudishia."

Nilikimbia. Kandambili moja iko kulekule hadi leo.

Asubuhi namba ile ikapiga. Nikapokea, nikamwamkia. "Mama," akaniita kwa heshima ya wazee wetu, "nani alipiga kwa simu yako jana? Ile sauti ya mwanangu. Alikuwa na kibanda cha simu hapo Rahaleo. Nimemzika kabla ya msimu wa korosho."

Nikamweleza yote, nikangoja anitukane. Akauliza tu, "Na leo atapiga?"

Akapiga. Kwa kidole changu. Tangu siku ile kidole hiki si changu. Nikigusa kioo hakisomi. Nilipokwenda kusajili laini, mashine ya alama za vidole ilikikataa. Sindano ya cherehani imekipita nisisikie, wala damu haikutoka. Lakini adhana ya magharibi ikianza, kinajinyoosha chenyewe kutafuta simu. Mimi nageukia ukutani, wazungumze yao.

Shehe mmoja ameniambia kukirudisha ni kazi ya asubuhi moja. Sijaenda. Mimi mama yangu namsikia kila nikitaka, sasa yule bibi nimnyang'anye mwanawe kwa ajili ya kidole? Ila jana nilipokuwa natunga uzi niligundua kwamba kidole cha pili nacho kimeanza baridi. Nimeogopa, siwafichi. Vidole hivi ndivyo vinavyonilisha.

Kwa hiyo wewe mwenye simu mbovu, mwambie fundi aiguse kwanza kwa kidole chake, ikiitika ndipo mzungumze. Na magharibi usiazime kitu, hata kilicho mwilini mwako. Mimi nilisema "chukua", nikasahau kumuuliza atarudisha lini.