Mama wa Olbalbal Niliyemtunga

Mwezi uliopita niliwafundisha vijana wa Karatu utunzi wa hadithi, na binti mmoja akaniuliza: mhusika aliyefiwa afanye nini ili msomaji amwamini? Nikampa maneno ya kitabuni. Jibu lenyewe ninalo tangu darasa la sita, ila nililimeza, maana lilimgharimu mtu.

Tulikaa Buger, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Asubuhi ukungu uliteremka kutoka msitu wa Ngorongoro ukalala juu ya mahindi mpaka saa nne, na jikoni kwa bibi kulinukia moshi, maziwa mgando na kande za jana. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea jirani kibuyu cha maziwa. Jirani huyo alikuwa amefiwa na mtoto mdogo, na kwetu Wairaqw, siku hizo, mama wa namna hiyo aliwekwa mwiko kwa miezi: hachoti maji na wenzake, haingii nyumba ya mtu, hashikwi mkono. Siku ikifika, ukoo wa mume ndio ungemtoa mwikoni. Bibi aliniagiza kila mara, "Weka juu ya jiwe, urudi. Usimkaribie."

Niliweka kweli, lakini sikurudi. Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyeniharibu. Ukiandika kwenye insha kwamba mtu alilia sana, alikata kwa wino mwekundu. "Kila mtu analia sana. Huyu wako analiaje?"

Basi nikamtazama jirani. Hakulia. Aligombana na kuku kama anagombana na wifi. Alishona kifungo cha kijani kwenye sweta la marehemu, akakikata, akakishona tena. Siku moja alinisemesha kutoka ng'ambo ya jiwe, maana hakuwa na mwingine wa kumsemesha. "Alipokata roho, mwanangu, kwanza nilipumua. Kile kikohozi kilikuwa kimenimaliza. Ndipo nikajisikia kwamba nimepumua."

Nikaandika yote. Nilijiona mjanja: nilimpa jina jingine, nikampeleka Olbalbal kwa Wamasai, nikamvika shanga, nikamswagisha ng'ombe kwenye vumbi wakitafuta maji. Kifungo sikukibadili, wala kile alichoniambia. Mwalimu alifurahi mno, akaisoma insha yangu siku ya wazazi. Benchi la mbele alikaa mama mkwe wa jirani, aliyelifuma lile sweta kwa mikono yake.

Alisimama katikati ya kusomwa, akatoka. Jioni ileile ukoo ukakata shauri: mama aliyepumua mwanawe akifa hatolewi mwiko, arudi kwao Mbulu. Mimi nilipewa kalamu ya zawadi. Bibi hakunichapa, na hadi leo natamani angenichapa.

Nimepita pale juzi. Nyumba haipo, watu wamelima ngano hadi barabarani, na mwiko wenyewe vijana hawaujui hata kwa kusikia. Hakuna aliyebaki wa kumwomba radhi. Nimeandika vitabu vinne tangu hapo, na wanawake wote waliomo wanasifiwa kwamba wako hai. Sifa hizo zinanichoma, kwa kuwa najua nilimtoa wapi kila mmoja wao.

Siku aliyoondoka, jirani alipita njia yetu, mzigo kichwani, akasimama mbali kama mwiko ulivyomtaka.

"Nimesikia umeniandika," alisema, bila hasira. "Mwisho wake yule mama alifanywaje?"

Nikamwambia ukweli: nilimaliza kwa wazee kumnawisha mikono ili atoke mwikoni, na wakwe kumpokea kwa maziwa.

"Hapo ulidanganya, mwanangu," akasema, akajitwika vizuri mzigo wake, akashika njia ya Mbulu.