Mikono Yangu Kwenye Shati la Mwalimu wa Kwaya

Naanza na aibu yenyewe, maana nisipoisema mimi mtaisikia kwa watu wa kijiji chetu cha Ihanda ikiwa imetiwa chumvi na pilipili: ni kweli viganja vyangu viwili vilionekana kifuani kwa mwalimu wa kwaya, mume wa mtu, mbele ya usharika mzima na mkuu wa jimbo ameketi kiti cha mbele, na ni kweli mke wake alikuwepo, na ni kweli sikuwa na namna ya kukana kwamba ni vyangu, kwa sababu kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia kimeishia katikati (panga la kukatia mkungu lilikichukua nikiwa msichana) na hakuna mtu Ihanda asiyekijua. Lakini hilo la kwamba nilikimbilia Bweranyange kwa dada yangu nikajificha ni uongo. Nilitamani kukimbia, sikatai, ila sikukimbia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sisi akina mama wa usharika tulikuwa na kikundi cha kuchapa nguo, mashati ya kwaya, magauni, vitambaa vya meza, na mwenyekiti nilikuwa mimi Mama Koku kwa sababu nilikuwa na mdomo kuliko wenzangu. Rangi tulinunua Kayanga kwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka karibu na stendi, rangi ya makopo unayoilainisha kwa petroli au mafuta ya taa, na kazi ikiisha tulishuka na mbao zetu za kuchapia na matambara yetu tukayasuuza pale pale kwenye chemchemi tunayochota maji ya kunywa. Ukiniuliza leo tulikuwa tunafikiri nini, nitakuambia hatukuwa tunafikiri. Kisha kikaja kiangazi kirefu, maji yakapungua, ukichota unaona utando unaometameta juu ya ndoo, na watoto wakaanza kutoka vipele midomoni, wa kwanza akiwa Koku wangu. Nilimwangalia mwanangu anavyolia akipewa uji, nikaona aibu na hasira vimechanganyika, nikaenda kwenye kikundi nikasema rangi ile haitagusa tena chemchemi yetu maadamu mimi ni hai.

Kusema ni rahisi. Wazee wa kanisa walinisikiliza vizuri, wakatikisa vichwa, halafu wakasema kanisa jipya linakaribia kuwekwa wakfu na kwaya inataka sare, kwa hiyo Mama Koku atuoneshe hiyo rangi yake isiyo na sumu. Ikifaa, kazi zote za usharika ni za akina mama. Isipofaa, yule bwana wa Kayanga alikuwa ameshaomba kiwanja hapo bondeni ajenge kibanda cha kuchapia, karibu na maji, kwa sababu kazi yake inataka maji mengi. Hapo ndipo mambo yalipofikia, ama sare zangu zipendeze, ama makopo yake yahamie kabisa kwenye chemchemi.

Vita ya kwanza ilikuwa ya kitambaa. Mwalimu Zakaria, mwalimu wa kwaya, mtu mnyoofu kama rula, alitaka tetroni, eti inang'aa, haikunjamani, ukiifua jioni asubuhi unavaa bila pasi. Nikamwambia Mwalimu, juzi nilikuwa napalilia migomba nikakuta shati la tetroni la marehemu baba mkwe wangu, tulilitupa huko kabla sijamzaa Koku, limelala ardhini na kola yake na vifungo vyake utadhani linamsubiri mwenyewe arudi, wakati nguo ya pamba ukiitupa shambani masika moja tu imekuwa mbolea. Nikasema sare zitakuwa za marekani, pamba tupu. Alinung'unika, lakini wazee walicheka kwa ajili ya lile shati na nikashinda.

Rangi sasa. Hapa naomba msinicheke mapema. Kila aliyemenya ndizi mbichi anajua kwamba utomvu wa mgomba ukigusa nguo, nguo hiyo umeiaga. Mama zetu walitupiga kwa ajili hiyo. Nikajiambia, kama kitu hiki hakitoki tunapokilaani, kwa nini tusikitumie tunapokihitaji? Tukakinga utomvu kwenye vibuyu, tukauchanganya na uji mzito wa muhogo ili usitiririke, Baba Koku akanichongea chapa ya mbao yenye jani la kahawa na buni mbili, tukaanza kazi uani kwangu. Na kwa kuwa tulijua utomvu ni adui wa nguo, kila mmoja wetu alivaa kitenge chake kikuukuu, tukajifunga vizuri, tukijikinga sisi.

Mama Nestori, jirani yangu ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, mwanamke mpole asiyependa ugomvi, akaja na kichupa cha mafuta ya taa na kipande cha samli kwenye jani. Akasema, "Mama Koku, tupake mikono kwanza kama tunavyofanya jikoni, na tukimaliza tujifute na mafuta haya. Utomvu huu utatuganda." Mngeniona nilivyosimama. Nikamwambia samli itatia madoa kwenye marekani, na mafuta ya taa nisiyaone hata kwa harufu, tumeyakataa kwenye chemchemi halafu tuyakaribishe uani? Tutanawa maji kama Wakristo. Basi tukawa tunanawa maji, na mikono inaonekana safi kabisa, kwa sababu utomvu ukiwa mbichi hauonekani, unangoja. Nilijua hivyo tangu utotoni. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijua, na bado niliangalia viganja vyangu nikaviona vyeupe nikaridhika.

Jumamosi mchana, mbingu imetanda mawingu, wanakwaya wakaja kujaribu sare nasi bado tunamalizia za mwisho. Majani ya kahawa yalikuwa yametoka rangi ya chai iliyotiwa maji mengi, hafifu lakini ya kupendeza, nami nilijua yatakolea. Sasa mimi ni mtu wa kutaka kitu kikae sawa. Kila aliyevaa nilimkung'uta mabega, nikamvuta mgongoni, nikamlainisha kiunoni, huyu geuka, yule inua mikono (mama mmoja wa sauti ya kwanza nilimpiga makofi mawili ya makalio kumwambia gauni limemkaa, tulivyozoea kutaniana). Mwalimu Zakaria akasimama na shati lake akilalamika kwamba ndiyo hayo aliyosema, pamba inakunjamana, ona kifuani. Nikamwambia simama wima Mwalimu, nikaweka viganja vyote viwili kifuani kwake, vidole juu, nikakandamiza nikashuka mpaka mikunjo ikaisha. Akasema asante. Halafu nikanyunyizia nguo zote maji ya majivu ili rangi ishike, tukaanika ndani, tukapiga pasi ya mkaa zikiwa bado na unyevu.

Jumapili watu walifurika, wa Ihanda, wa Kayanga, wengine hata sikuwajua, kwa hiyo ibada ikafanyika nje mbele ya kanisa jipya. Yule bwana wa duka naye alikuwepo, ameketi karibu na wazee, suruali yake imenyooka. Kwaya ikaingia na majani yake ya rangi ya chai, nikasikia mtu nyuma yangu akisema mbona yamepauka, nikatazama juu, maana nilikuwa nalisubiri jua. Jua likatoka. Jamani, majani yale yalianza kukolea mbele ya macho ya watu, kutoka chai kwenda kahawa, yakakaza, yakapendeza, mpaka mnong'ono ukapita kwenye mabenchi na mzee mmoja wa kanisa akageuka akanitikisia kichwa kwa kukubali. Nikamtazama yule bwana wa Kayanga. Nilimtazama kwa kiburi, nakiri, na Mungu alikuwa anaangalia.

Kwa sababu jua halichagui. Lililokoleza majani lilikoleza na vilivyobaki. Kwanza niliona doa begani kwa mwimbaji wa besi nikadhani ni jani lililochapwa vibaya, halafu jani lile likaota vidole. Nikaangalia wa pili alipogeuka kidogo, kiganja mgongoni. Wa tatu, viganja viwili kiunoni. Yule mama wa sauti ya kwanza alipogeuka kupisha wenzake, watu wa upande ule wakainama wote kwa pamoja kana kwamba ni wakati wa sala. Na Mwalimu Zakaria, maskini, alikuwa ametugeuzia mgongo akiongoza wimbo kwa bidii zote, hana habari, hata wimbo ukaisha, akageuka kumwinamia mgeni, na kifuani kwake viganja vyangu vyote viwili vimekaa, vyeusi, vidole juu, na kidole kimoja nusu.

Watu wakanyoosha shingo. Kisha sauti ya bibi mmoja, ya taratibu tu kama anayeonyesha mbuzi wake sokoni, ikasema, "Kile kidole ni cha Mama Koku, waitu, jamani."

Mama Editha, mke wa Mwalimu, alikuwa benchi la mbele yangu. Aligeuka, akautazama mkono wangu, nami kwa ujinga nikauficha ndani ya kitenge, na hapo hata asiyekuwa na shaka akaipata. Mkuu wa jimbo, mtu wa huruma, akamwuliza mchungaji kama mikono ile ina maana yake, pengine ni ishara ya kuwekewa mikono na kubarikiwa, na mchungaji akanitupia jicho la kuniomba niseme ndiyo. Ningesema ndiyo yangeishia hapo. Lakini nilifikiri, nikidanganya kuhusu mikono, nani ataniamini kuhusu rangi? Nikasimama.

"Hapana, baba," nikasema. "Si ishara. Ni mikono yangu mimi. Nilikuwa namnyoosha."

Nilimaanisha shati! Lakini neno lilikuwa limeshatoka, kicheko kikalipuka kuanzia kwenye besi mpaka kwa waliopanda kwenye miti ya jirani, na kila nilipojaribu kueleza nilizidi kujichimbia, nikisema kwamba hakuwa peke yake, kwamba siku ile niliwashika wote, na kwamba Baba Koku alikuwepo akiona. Nikataja utomvu, nikataja mafuta ya taa na chemchemi na vipele vya watoto, hakuna aliyenisikia. Baba Koku alikuwa anaangalia viatu vyake. Yule bwana wa Kayanga alikuwa anafuta machozi kwa leso, na niliona anamwinamia mzee wa kanisa aliye jirani yake na kumnong'oneza, na mzee anaitikia.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika kwenye migomba yetu Baba Koku akasema, "Mimi miaka yote hii sina shati hata moja lenye mikono yako." Nilikaa chini pale pale njiani nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena, kwa sababu kibanda kile nilikiona kimeshajengwa bondeni na maji yameshaharibika, kwa kosa la kunawa maji.

Katikati ya wiki wazee walikuwa na kikao cha kuamua. Sikuitwa. Nilijipanga kwenda hivyo hivyo, nimeshavaa, niingie bila kukaribishwa nichekwe tena mpaka wachoke kucheka wanisikilize, na nilipofungua mlango nikamkuta Mama Editha amesimama uani na lile shati mkononi. Tukasalimiana. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Nikasema moyoni, leo nitapigwa kwangu, na sitajitetea.

Akalikunjua shati. Mikono ilikuwa imezidi kukolea, myeusi kuliko siku ile.

"Nimelifua kwa sabuni," akasema. "Nimelifua kwa majivu, nimelisugua kwa limau. Nilitaka mikono yako itoke nyumbani kwangu, Mama Koku. Nililifua kwa hasira mpaka viganja vyangu vikachubuka."

Nikamwomba radhi. Akainua mkono kunikatiza.

"Nilipomwaga maji ya mwisho nikayaangalia. Povu la sabuni tu, hakuna kingine, si utando, si harufu. Sasa hivi natoka kwa wazee. Nimeliweka shati hili mezani kwao, mimi mwenyewe niliyeaibishwa, nikawaambia rangi iliyokataa kutoka kwa hasira yangu haiwezi kwenda kwenye maji ya watoto wetu. Wamekubali yule bwana arudi na makopo yake Kayanga."

Nilitaka kumkumbatia. Nikapiga hatua moja, nikaona anavyoiangalia mikono yangu, nikasimama.

"Na mume wangu," akasema, "kuanzia leo utampima kwa macho."

Basi kibanda hakikujengwa, na sare tulichapa tena mpya, na tangu hapo kikundi chetu kina sheria moja ambayo hata mgeni anaisikia siku ya kwanza, anayechapa hakunji na anayekunja hachapi, na samli ya Mama Nestori inakaa mlangoni. Mimi nachapa tu. Nimeapa sitamgusa tena binadamu aliyevaa nguo yangu, na nimeshika kiapo hicho hata kwa Baba Koku, akitaka kola yake ikae sawa anainyoosha mwenyewe.