Siku Niliyolipita Gari la Odhiambo

Nikikumbuka siku ile, mwanangu, kinachonijia kwanza ni harufu. Kuna watu wanaoukumbuka ujana wao kwa harufu ya mvua ya kwanza, au ya samaki wa kukaanga kwa mama yao. Mimi ujana wangu unanuka breki zinazoungua.

Juzi ulinionyesha video kwenye simu yako. Gari jipya la umeme, la bei nafuu, chapa ambayo ulimi wangu hauwezi hata kuitamka, limesimama sambamba na gari la kifahari la mwendo kasi, mojawapo ya yale ambayo tangu zamani ni ya wakubwa. Mara lile la bei nafuu likachomoka na kuliacha lile jingine linashangaa. Ukapiga makofi, ukasema, "Umeona, mzee? Hawa wakubwa wamekwisha!" Mimi sikucheka, nawe ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi kwenye barabara ya Rodi Kopany, na nilikuwa nasubiri video ituonyeshe magari yale yakisimama. Haikuonyesha. Basi kaa nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiuza magari hapa Migori katika yadi ya Bwana Swaleh. Bwana Swaleh alikuwa mtu wa pwani, mzee mpole wa kofia nyeupe, aliyekaa huku hadi akaweza kubishana Kijaluo na wanawake wa sokoni. Wakati ule yalikuwa yameingia magari madogo mapya, ya chapa ngeni, ya bei ambayo mwalimu au mfanyabiashara wa kawaida angeweza kuifikiria bila kizunguzungu. Yalikuwa yameundwa kwa kuiga. Yalikuwa na pua ndefu, taa kama macho ya paka, na maandishi ya rangi ya fedha nyuma. Ukiwa mbali ungeapa ni gari la Kijerumani. Ukikaribia na kufunga mlango, ulisikia debe.

Bwana Swaleh hakumficha mteja neno. "Gari hili halinywi mafuta sana," alikuwa akisema. "Vipuri vyake vipo. Litakupeleka, litakurudisha. Usilidai zaidi ya hapo." Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye alikiacha kizuri chake kijiuze. Mimi niliona anaharibu biashara. Lakini acha niseme kweli yote, kwa kuwa uzee hauna haja ya kujipamba: niliyaonea haya magari yale. Vijana wa mjini waliyaita sufuria. Na aliyeniumiza zaidi alikuwa Odhiambo, tuliyeketi naye dawati moja shuleni. Yeye alikuwa amenyookewa na biashara ya mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, akanunua gari jeusi la Kijerumani, lile hasa ambalo yetu yaliliiga. Kila alipopita yadini alipiga honi mara mbili, nami mkononi nina kitambaa cha kufutia vumbi.

Siku hiyo alikuja Mama Auma. Alikuwa muuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sindo, mwanamke wa maneno machache. Mumewe alikuwa na miguu iliyovimba, kliniki yake ilikuwa Homa Bay, na pikipiki haikumfaa tena. Mama Auma hakuuliza habari za injini. Alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akatoa mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama, akarudia tena.

"Mtu mwenye miguu mibovu anaweza kuingia hapa," akasema.

Mwanangu, gari lilikuwa limekwisha kuuzika. Nilichotakiwa ni kunyamaza. Lakini nikasema, "Mama, hili linashindana na yale ya Wajerumani. Linayapita!"

Akanitazama kama anayepima samaki ambaye hamwamini. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "mimi nataka gari la kufika. Sijasema nataka la kupita watu."

Tulikubaliana twende nalo Homa Bay, ili mumewe, aliyekuwa huko kwa matibabu, apate kulijaribu pale kliniki. Mimi nikashika usukani, Bwana Swaleh akakaa kando yangu, Mama Auma nyuma. Tulikwenda vizuri mpaka Rongo, tukaingia kituo cha mafuta. Na nani alikuwa pale, ameegemea gari lake jeusi anakunywa soda? Odhiambo.

"Omera," akaniita ndugu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "sufuria hiyo ikifika Rodi bila kuchemka, chakula cha mchana ni juu yangu!"

Wauza mafuta wakacheka. Bwana Swaleh naye akatabasamu, akasema, "Twende zetu." Kwake ulikuwa mzaha. Kwangu damu ilikuwa imepanda hadi masikioni.

Hatukwenda mbali kabla Odhiambo hajatupita kwa ngurumo. Mbele akapunguza mwendo, akanipisha. Kisha akanipita tena. Alikuwa akinichezea kama paka anavyomchezea panya. Mara ya tatu nikakanyaga mafuta hadi mwisho.

"Pole pole," akasema Bwana Swaleh.

"Nataka mama aone nguvu za gari."

Akanigeukia, akafungua mdomo, akaufunga. Nilikichukua kimya chake kama ruhusa.

Gari lilianza kutetemeka. Usukani ulikuwa ukicheza mikononi, mlango mmoja unapiga kelele, na kila kona ilinilazimu kukanyaga breki kwa nguvu, niachie, nikimbize tena. Odhiambo alikuwa mbele, mara karibu, mara mbali. Sikuona mashamba, sikuona watu, niliona taa zake mbili tu za nyuma. Nikasikia mkono ukipiga kiti changu.

"Nyathina, punguza."

"Usiogope, mama."

Rodi Kopany tuliipita katikati ya soko. Mwanamke mmoja alivuta beseni lake la ndizi kutoka kando ya barabara, nikaona mdomo wake ukinitukana lakini sikusikia. Baada ya hapo barabara inaanza kushuka kuelekea ziwani, na ndipo harufu ilipoingia. Nimekwambia niliuza magari. Nilifunzwa pia kuyajua. Niliijua harufu ile. Pedali ya breki ilikuwa imeanza kuwa laini, inashuka chini zaidi kila nikiigusa. Nilijua, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Laiti ningekuwa sijui, ningejiita mjinga nikalala. Lakini nilijua, nikajiambia: kona moja tu, nimpite, halafu nitapunguza.

Mara taa za Odhiambo zikawaka nyekundu. Akasogea kushoto, akapunguza. Nikampita! Nikapiga yowe, nikaupiga usukani kwa kiganja, nikamtafuta kwenye kioo nione uso wake. Nilikuwa nikitazama nyuma, mwanangu. Gari linashuka mlima, nami natazama nyuma.

Ngoma ndiyo iliyonirudisha mbele.

Baada ya kona barabara ilikuwa imejaa watu waliovaa kanzu nyeupe. Lilikuwa ni andamano la kanisa, wengi wao wanawake, wanaimba na bendera zao, migongo yao kwetu. Nikakanyaga breki. Pedali ikaenda hadi sakafuni, haikushika kitu. Nikakanyaga tena. Hakuna. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo na watu wamejibana hapo. Bwana Swaleh akataja jina la Mungu. Nikavuta breki ya mkono, nikakata usukani kulia, tukavuka barabara, tukavunja ua wa mkonge, tukaingia katika mahindi. Mahindi yalipiga kioo kama mvua ya mawe, kisha kichuguu kikatusimamisha, upande wa Bwana Swaleh.

Wimbo ulikuwa umekatika. Nikamsikia Mama Auma nyuma akisema, "Yawa," yaani jamani, mara moja tu, polepole. Halafu Bwana Swaleh akaanza kulia kwa maumivu, na sijawahi kusikia mzee akilia hivyo.

Wanaume wawili walinitoa nje kwa shati. Mmoja alikuwa ameinua fimbo ya bendera, na sikuinua mkono kujikinga, kwa kuwa niliona nastahili. Kiongozi wao, mama mzee aliyekuwa bado ameshika kijiti cha ngoma, akaja mbio akasema, "Mwacheni. Ndani kuna mtu ameumia." Nyuma yake alikuwa ameketi mwanamke anayekikumbatia kifundo cha mkono. Alikuwa ameanguka akinikimbia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mimi ndiye sikusikia, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu.

Odhiambo alifika akikimbia kwa miguu, viatu vimejaa udongo. Tulimlaza Bwana Swaleh kiti cha nyuma cha gari lake, kichwa kwenye mapaja ya Mama Auma. Yule mwanamke wa kifundo akakaa mbele. Mimi nikapiga magoti sakafuni, nimeushikilia mguu wa Bwana Swaleh usitikisike. Miaka miwili nilikuwa nimelitamani gari lile. Nililiingia kwa magoti.

Odhiambo aliendesha taratibu, akiyakwepa hata mashimo madogo. Tulipoanza kuiona Homa Bay akasema, bila kugeuka, "Niliogopa tangu Rodi, omera. Nilikuwa natafuta tu sababu ya kukupisha. Niliona haya." Basi nikaelewa kwamba tangu Rodi tulikuwa watu wawili walioogopa, kila mmoja anamsubiri mwenzake awe wa kwanza kukubali.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi hadi waliponiita. Bwana Swaleh alikuwa amefungwa mguu, kofia yake imewekwa juu ya mto. Nilitaka kuanza kuomba radhi, akaniinulia kidole.

"Gari lile lilikuwa jema," akasema. "Umelivunjia heshima. Nilikuajiri uuze gari, wewe ukawa unajiuza mwenyewe." Akapumua kidogo. "Na mimi nina kosa langu. Nilitaka biashara, nikanyamaza pale nilipopaswa kukushika mkono. Hilo nitalijibu mimi. La kwako lijibu wewe."

Nje nilimkuta Mama Auma ameketi na mumewe, mtu mwembamba mwenye fimbo. Nikasema, "Mama, naelewa kama hulitaki tena gari."

"Gari sina neno nalo," akasema. "Neno ninalo na wewe." Na kweli, miezi michache baadaye alinunua lingine la aina ile ile. Aliomba tu apelekewe na dereva mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa watu wale wa kanzu nyeupe, nikasimama mbele yao nikaomba msamaha. Nilidhani wataniimbia wimbo wa huruma. Mwanamke wa kifundo alinionyesha mkono wake uliofungwa, akasema, "Mimi nafua nguo za watu. Nitafua kwa mkono upi?" Nikaenda kwake kila Jumamosi mpaka mfupa uliposhika, nikateka maji, nikafua. Alinielekeza kukamua blanketi. Bwana Swaleh alipona, lakini alichechemea hadi alipozikwa, na kila alipovuka yadi nilisikia hatua yake, moja nzito, moja nyepesi.

Basi nisikilize, mwanangu. Sikwambii mnyonge akae chini. Kama kuna mafundi wametengeneza kitu cha bei nafuu kinachomshinda mkubwa, wamefanya kazi njema, na wakubwa waamke. Ninachokwambia ni hiki: ukiwa na kitu chema cha kadiri yako, usikionee haya. Aibu ndiyo iliyoendesha gari siku ile. Mimi nilishika usukani tu. Ukitaka kuthibitisha kwamba wewe ni sawa na fulani, umekwisha kumpa fulani usukani wako, na yeye hata hajui uendako. Kabla hujashindana, tazama waliokaa nyuma yako, uwaulize wao wanataka nini. Na ukiogopa, sema naogopa. Mwenye kutangulia kulisema hilo huwaokoa wengi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba isiyokulazimu uwe mtu mwingine. Akupe moyo unaojua kupisha, na kila unayempakia umshushe akiwa mzima.