Sauti Ilipokatika Maktabani

Jumamosi iliyopita, katika maktaba moja hapa mtaani Black Rock, Marekani, walionyesha filamu ya zamani, ya aina ile iliyoanzia jukwaani kama mchezo wa nyimbo. Kando yangu aliketi mzee Mmarekani kwenye kiti cha magurudumu, amevaa tai, pamoja na mlezi wake, mama Mkongo aliyekuwa katika sare ya kazi. Mama alininong'oneza kwamba mzee aliitazama filamu hiyo zamani na marehemu mkewe, na tangu msiba alikuwa hajatoka nyumbani.

Mwigizaji alipofumbua kinywa kuimba wimbo mkuu, spika zikanyamaza. Mhudumu akahangaika na nyaya, kisha akasema atazima. Mzee akainamisha kichwa.

"Usizime," mama akasema, akasimama.

Wimbo ule aliujua, kwa kuwa mzee huusikiliza kwenye santuri kila siku mama anapompikia. Akakazia macho midomo ya mwigizaji, akauimba neno kwa neno hadi noti ya juu kabisa, mkono wake begani kwa mzee. Ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Mzee, asiyeweza kusimama, akaivua tai na kuipunga hewani.

Nimesoma kwamba baadhi ya nyota wa filamu hizo hawakuimba wenyewe, bali waliimbiwa na watu waliofichwa. Huyu wetu alionekana na kila mtu. Nilipompongeza, alicheka huku akijifuta jasho.

"Bon, asante, ndugu yangu. Lakini ile ilikuwa ya soprano, sauti ya juu. Mimi kwa kwaya yetu niko alto."