Bendera ya Rangi ya Bati

Nilipofika Musoma kufundisha uchoraji katika shule moja ya sekondari, hedmasta alinipa chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Baada ya wiki moja akanipa na wanafunzi walioshindikana kwa walimu wengine. Alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na sijapata kuona kalamu ya pili ikitumika.

"Hawa wapeleke polepole," aliniambia. "Kuchora hakuhitaji akili."

Nilikuwa mgeni kazini, nikaitikia. Kwa hiyo darasa langu likawa jalala la shule. Alikuwamo binti asiyesikia vizuri, ambaye walimu wengine walimpigia kelele kana kwamba ukiziwi ni ukaidi. Alikuwamo mwingine aliyeandika herufi kinyumenyume. Na alikuwamo kijana mmoja kutoka Mugeta, mtoto wa mfugaji, aliyeletwa kwangu kwa sababu alishindwa kusoma ramani za jiografia. Mwalimu wa jiografia alimwita mjinga mbele ya wenzake, naye akazoea kuitwa hivyo.

Mjinga huyo alikuwa na mkono ambao mimi, pamoja na cheti changu, sikuwa nao. Alichora mstari mrefu bila rula ukatoka umenyooka. Alichora ng'ombe aliyelala ukaona uzito wake. Lakini akishika rangi aliharibu. Nyasi zake zilikuwa nyekundu, mara za kahawia, mara kijani, kama mtu aliyepaka gizani. Sikumuuliza kitu. Niliandika pembeni ya karatasi, "Nyasi hazina rangi hii. Acha uvivu." Nikampa alama tano. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba katika habari hii wapumbavu ni wengine tu.

Miaka ile ya Ujamaa kila shule ilikuwa na shamba lake, na Jumamosi wanafunzi wote walikwenda kulima. Jumamosi moja hedmasta aliambiwa kwamba mgeni mkubwa atapita njiani kuelekea Butiama, na huenda akasimama shuleni. Hilo "huenda" lilitosha kumnyima usingizi. Aliagiza bendera ya taifa ichorwe ukutani karibu na geti, kubwa, imalizike kabla ya saa nane.

Nikawachagua kijana wa Mugeta na yule binti. Kijana alipima ukuta kwa kamba na kuchora mistari yote kabla jua halijawa kali. Stoo kulikuwa na makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki kwenye ujenzi. Karatasi zake za majina zilikuwa zimebanduka, na kopo mojawapo lilikuwa na ile rangi nyekundu iliyofifia tunayopaka kwenye mabati ya paa. Nilikusudia kusimama pale hadi mwisho. Lakini hedmasta aliita kikao cha walimu wote, na ajenda yake ilikuwa viti: mgeni akae kwenye kiti chenye mto au kisicho na mto. Walimu ishirini, watu wazima, walitoa hoja. Mmoja alisema mto ni dalili ya ubepari. Mwingine akasema kiti kikavu ni dharau. Tulikaa saa nzima na ushee.

Katikati ya kikao binti alitokea mlangoni akihema. Alininyooshea mikono yenye rangi, akatoa sauti zake, akaonyesha upande wa geti. Hedmasta alikunja uso.

"Mtoeni huyo, anatupigia kelele."

Nilijua hakuja bure. Hata hivyo nilimwonyesha kwa mkono asubiri nje. Nikageuka kusikiliza habari za mto.

Tulipotoka, bendera ilikuwa imekwisha. Nyeusi ilikuwa nyeusi, njano ilikuwa njano, bluu ilikuwa bluu, na kingo zote zimenyooka. Lakini pale pa kijani palikuwa na rangi ya bati, nyekundu inayoelekea kahawia, imepakwa kwa uangalifu hadi kwenye pembe. Wanafunzi waliorudi kutoka shambani walikuwa wamejaa pale wakicheka. Kijana alisimama kando na brashi yake akitabasamu, akidhani wanafurahia kazi yake. Baadaye aliniambia kwamba binti alipomvuta shati na kuonyesha ukuta, alidhani anamsifu.

Tulipaka upya haraka. Saa tisa gari la mgeni lilipita mwendo wa kasi, likatuachia vumbi. Halikusimama. Viti vilikaa uani, vyenye mto na visivyo na mto, mpaka mvua ikaanza.

Mtu mwenye akili angelisahau jambo hilo jioni ile ile. Hedmasta aliunda kamati. Ilikuwa na yeye, mwalimu wa nidhamu na katibu wa tawi la chama, bwana mmoja aliyekuwa fundi cherehani mtaa wa Nyasho kabla ya kugundua kwamba kusema ni rahisi kuliko kushona. Mimi niliitwa kama mwalimu wake kijana.

"Kijani katika bendera yetu maana yake nini?" katibu alimuuliza kijana.

"Ardhi na mimea, ndugu."

"Na wewe umeipaka nini?"

"Kijani, ndugu."

"Unasikia?" katibu alimwambia hedmasta. "Ameipaka nchi damu, na bado anadanganya."

Alichapwa viboko sita kwa uongo, na baba yake akaitwa. Mzee alitembea kutoka Mugeta hadi Bunda, akapanda basi, akafika akiwa na vumbi hadi magotini. Walimwacha asimame. Nilimpa kiti changu, na hicho ndicho kitendo pekee cha siku ile ambacho sikionei haya.

"Huyu haonaga nyekundu," mzee alisema kwa utulivu. "Wajomba zake wawili wako hivyo hivyo. Nyumbani tunajua. Ng'ombe akipotea hatumwambiagi tafuta yule mwekundu. Tunamwambia tafuta mwenye pembe iliyopinda, au mwenye baka jeupe mgongoni. Anamwona kabla ya wenzake."

"Mzee, hapa tunazungumza bendera ya taifa, siyo ng'ombe," alisema katibu.

"Mimi nazungumza macho."

Nilikumbuka zile nyasi nyekundu, na alama zangu tano. Nikaomba ruhusa nikaenda bustani ya shule, nikarudi na nyanya kumi, mbivu na mbichi, ukubwa mmoja. Nikazimwaga mezani. Nilimwambia kijana atenge zilizoiva. Akanyoosha kidole kuziminya moja moja, kama alivyozoea.

"Bila kugusa," alisema hedmasta.

Kijana alizitazama muda mrefu. Akaonyesha tano: tatu mbichi, mbili mbivu.

"Anaigiza," alisema katibu. "Hawa wa vijijini ni waigizaji sana."

Hedmasta aliokota nyanya mbivu, akaifuta kwa tai yake, akaila pale pale, huku mwalimu wa nidhamu akiandika hukumu. Mbegu zilimdondokea kwenye kidevu. Nilimtazama nikafikiri: huyu ndiye anayepima akili za watoto wa watu.

Kijana alisimamishwa shule mwezi mmoja. Aliporudi alikatazwa uchoraji. Muhula uliofuata somo lenyewe likafutwa, majembe yakarudi stoo, na mimi nikapewa kufundisha siasa. Yule binti aliondoka bila kuaga. Niliambiwa yuko kwao Butiama, analima. Hakuna aliyeuliza alikuwa anataka kutuambia nini mlangoni, hata mimi sikumwomba radhi.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta kijana Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa amesimama kati ya marobota, kopo la wino mweusi mkononi, akiyaandika namba kwa brashi. Wenzake walitumia bati lililokatwa maumbo ya namba. Yeye hakulihitaji. Aliponiona aliweka brashi chini, akanipa mkono, akaniita Mwalimu.

"Nyumbani unachora?" nilimuuliza.

"Sichoragi."

"Hata kwa penseli?"

Akatikisa kichwa. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekwambia kwamba havuti sigara. Msimamizi wake akaita kutoka mlangoni kwamba lori limefika. Akaomba radhi, akachukua brashi, akaandika namba ya robota lililofuata, akahamia lingine. Nilisimama pale kidogo nikimtazama, kisha nikaenda kutafuta basi la Musoma.